Mafiga Nyuma ya Geji

Nyuma ya uso wa kila geji iliyopita mezani kwetu kuna alama. Huwezi kuiona mpaka utoe kioo, uchomoe mshale, uinue ule uso wenye namba. Ndipo unaikuta kwenye bati, imekwaruzwa kwa ncha ya msumari. Alama ya babu ilikuwa duara. Ya Mjomba ni mistari miwili inayokatana. Mtu akileta gari la zamani ambalo dashibodi yake imewahi kufunguliwa, Mjomba huanza kutafuta alama, kama mtu anayetazama sura ya mtoto mgeni ili ajue ni wa nyumba gani. "Hii ya mzee," husema. Au, "Hii yangu, ya siku zile." Kisha hucheka peke yake.

Mimi nilikaa kwenye meza ile miaka sita bila alama.

Si kwamba sikufanya kazi. Mama yangu alifariki nikiwa darasa la tano, Mjomba akanichukua, shule ikaishia hapo. Mwanzo nilifagia na kufuta vioo. Kisha mkono wa kulia wa Mjomba ukaanza kutetemeka. Ndani ya spidomita kuna springi nyembamba kuliko unywele. Ukiigusa na mkono unaotetemeka, umeua. Basi Mjomba akahamia kwenye stuli ya mbele, akawa mtu wa kupokea wateja na kupiga nao soga, mimi nikawa nyuma ya pazia na kibanio na bisibisi. Wateja walimwita Fundi Mishale. Mimi waliniita Bubu, maana walikuwa wakinisalimia najibu moyoni. Geji ikiisha, nilichukua msumari nikachora mistari miwili ya Mjomba kwa mkono wangu mimi, kwa sababu wake haukuweza tena kuchora mstari ulionyooka.

Kazi yenyewe tulikuwa tunaita kusomesha. Geji iliyokaa miaka mingi husahau kusoma: tangi lina nusu, yenyewe inasema limejaa, maji yanachemka, yenyewe inasema baridi. Unaichukua, unaionyesha kitu cha kweli, unairekebisha mpaka mshale uende pale unapotakiwa. Mjomba alipenda kuwachekesha watu kwa hilo. "Mpwa wangu shule ilimshinda," alikuwa akisema, "lakini ana wanafunzi wengi kuliko mwalimu mkuu."

Siku moja, mara moja tu, nilimwuliza, "Na mimi yangu lini, Mjomba?"

Alinielewa. "Siku utakaposomesha gari zima peke yako," alisema. "Dashibodi yote, na mwenyewe asirudi kulalamika. Hapo utaweka yako."

Yangu nilikuwa nimeshaichagua. Nukta tatu, kama mafiga. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi kwenye vifuniko vya makopo ya rangi mpaka vikaisha.

Mkunga alikuja asubuhi moja na gari la kijani. Alikuwa amestaafu, mwili mdogo, sauti kubwa. Alilileta gari mwenyewe hadi mlangoni, akashuka, akalipiga kofi mgongoni.

"Huyu ni Mzee," alimwambia Mjomba. "Tulilinunua na marehemu mume wangu mwaka tuliooana. Marehemu kaenda, Mzee kabaki. Sasa naendesha kama kipofu. Mishale yote imelala."

"Shikamoo, mama," Mjomba alisema, akijipangusa. "Tutaiamsha."

"Marahaba. Iamshe kwelikweli, maana nina kesi na watoto wangu. Wanataka niliuze kwa wale wanaokodisha magari ya harusi. Nimewaambia, mwisho wa mwezi nalipeleka mwenyewe mpaka kwa mwanangu mkubwa, juu kule milimani, na kurudi. Likifika na kurudi, mtu asinisumbue tena mpaka nife. Likiniangusha njiani, wachukue. Tumepeana mikono."

Kisha akachungulia nyuma ya pazia, akaniona.

"Na huyu?"

"Mpwa wangu. Ananisaidia."

Mkunga alitazama mkono wa Mjomba uliokuwa ukicheza juu ya goti, akatazama wangu ulioshika kibanio. Alinisogelea mimi. "Mwanangu, mimi nimezalisha wanawake miaka thelathini na minne. Nilikuwa nawaambia neno moja: mficha uchi hazai. Na wewe usinifiche. Gari langu likiwa linaumwa, mshale uniambie linaumwa. Sawa?"

Nilitikisa kichwa. Alicheka. "Haya, angalau kichwa kinafanya kazi."

Mjomba alipomsindikiza akarudi, alisema, "Gari zima. Hili hapa."

Nilifanya kazi siku tano na sikumbuki kama nilisikia njaa. Geji ya joto niliisomesha kwa sufuria: sensa ndani ya maji, kipimajoto pembeni, moto chini, nikangoja mishale miwili ikubaliane. Ya mafuta nililishusha tangi, nikanyoosha mkono wa boya uliopinda, nikajaza lita moja moja na kuweka alama. Spidomita niliizungusha kwa drili mpaka ikaacha kuruka kama panzi. Ikabaki geji ya presha ya oili.

Hiyo ina desturi yake. Ukutani tulikuwa na geji kubwa ya shaba tuliyoiita geji mama. Babu ndiye aliyeinunua. Unachukua bomba lenye matawi mawili. Tawi moja unafunga geji mama, jingine unafunga mgonjwa, kisha unasukuma pampu ya mkono. Mama akisema ishirini, mtoto naye aseme ishirini. Mama akisema arobaini, mtoto arobaini. Hakuna mjadala.

Siku ile, kabla sijaanza, Fundi Bomba aliingia. Ni jirani, hutengeneza mabomba ya jengo letu lote, ghorofa nne na tangi juu ya paa. Mjomba alikuwa ametoka.

"Bibi Kimya, niazime mama yenu kidogo. Watu wa juu wanalia maji hayana nguvu."

Nilimpa. Alimfunga kwenye bomba la uani, akafungulia, akatazama, akaguna. Kisha akacheka mpaka akashika kiuno.

"Presha pauni thelathini! Mama yenu kalewa. Njoo uone."

Nilikuja.

"Sikiliza. Maji yaliyosimama hayajui uongo. Kila mita saba kwenda juu ni pauni kumi. Ili hapa pawe na thelathini, tangi lingekuwa mita ishirini na moja juu. Jengo hili lina ishirini na moja? Au kuna ghorofa mmeificha?" Alinirudishia geji mama. "Mpelekeni akapumzike."

Yeye alikwenda zake. Mimi nilibaki nimesimama, geji mkononi ikidondosha maji kwenye kandambili.

Nilitafuta uzi wa kushonea, nikafunga nati mwishoni, nikapanda paa. Nilichungulia maji ndani ya tangi yameishia wapi, nikashusha uzi pembeni ya ukuta mpaka nati ikagonga bomba la uani, nikafunga fundo. Nilishuka nikaupima kwa futi ya Mjomba. Mita kumi na nne na vidole vichache. Nikarudia, nikidhani nimekosea kuhesabu. Ilikuwa ileile. Pauni ishirini basi, na mama alisema thelathini. Nilimpeleka kwenye bomba la ghorofa ya pili, ambalo liko mita saba chini ya maji. Palitakiwa kumi. Alisema kumi na tano. Nikamwondoa kwenye bomba, mshale ukarudi kwenye sifuri vizuri kabisa, kama mtu asiye na neno.

Ndio ubaya wake. Alianza sawa, akazidi kudanganya kadiri alivyopanda.

Mjomba aliporudi nilimpa chai, nikasimama karibu yake mpaka akaniuliza nina nini. Nilimweleza yote, uzi na nati na Fundi Bomba. Nafikiri sikuwahi kumwambia maneno mengi hivyo kwa mpigo. Nilitegemea ashangae.

Alipuliza chai. "Ilianguka," alisema. "Mwaka mkono ulipoanza. Niliishika ikanitoka. Mshale ulipinda, nikauweka upya kwenye sifuri, nikaona inasoma."

"Kwa hiyo ulijua?"

"Nilijua imeanguka. Kama inadanganya sikutaka kujua."

"Mjomba, ni miaka minne. Geji zote za presha tulizo…"

"Zimerudi ngapi? Taja moja."

Hakuna iliyorudi. Nimeelewa baadaye kwa nini. Injini nzima presha yake iko juu siku zote, hata mshale ukiongeza chumvi haidhuru. Injini iliyochoka ndiyo inayohitaji mshale mkweli.

"Nikisema leo mama amekufa," Mjomba alisema, "kesho watu wote watakuja na dashibodi mkononi. Jina la babu yako, langu, meza inayokulisha, vyote vinakwenda. Kwa sababu ya nini? Uzi na nati! Somesha kwa mama kama tulivyosomesha siku zote."

Nilisema ndiyo. Kisha, alipoingia kulala mchana, nilifunga geji ya Mkunga kwenye bomba la uani, nikaisomesha kwa maji. Ishirini uani, kumi ghorofa ya pili. Nilitaka alama yangu iwe juu ya kitu cha kweli. Nukta sikuweka, niliambiwa mwenyewe asirudi kwanza. Mjomba alipoigusa jioni aliniuliza, "Kwa mama?" Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Kichwa kinafanya kazi, kama alivyosema Mkunga.

Mkunga alichukua gari akaimba kwa furaha barabara nzima. Siku tatu baadaye alirudi.

Nililisikia gari kabla sijamwona, nikajua miaka sita imekwenda na maji.

"Fundi Mishale, mbona geji hii inanitisha?" alisema. "Asubuhi iko juu, injini ikipata moto inashuka mpaka kumi na nane. Fundi wangu wa injini aliniambia ikipita chini ya ishirini na tano nisiende popote, nimletee aifungue. Na safari ni keshokutwa. Injini imeharibika, au geji?"

Ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekifanya. Nilikuwa nimeuamsha mshale, na mshale ulikuwa unasema kweli: Mzee anaumwa.

Mjomba aliitoa geji mwenyewe, mkono ukimcheza, akaifunga kwenye bomba la matawi mawili, akasukuma pampu mbele ya Mkunga. Mama thelathini. Mtoto ishirini. Mjomba alinitazama. Alijua. Alijua nilipoisomeshea.

"Geji," alisema, bila kuniachia macho. "Injini yako nzima, mama. Mpwa wangu alikosea kidogo. Watoto, unawajua."

Mkunga alinigeukia. "Mwanangu? Ni geji?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimeshaandaa sentensi: mama, usiende. Maneno mawili. Hata mtu wa darasa la kwanza anaweza.

Mjomba aliwahi. Alivuta droo, akatoa ule msumari, akauweka mezani mbele yangu, upande wangu.

"Ataisomesha upya sasa hivi, mbele yako," alimwambia Mkunga. "Halafu ataweka alama yake. Si yangu. Yake. Gari zima kalifanya yeye, mama, mimi sikugusa hata skrubu. Leo amekuwa fundi."

"Kumbe!" Mkunga alipiga makofi. "Nilijua tangu siku ile! Niliona mikono. Haya binti, tuone."

Nimejiuliza mara nyingi kama Mjomba alinipa zawadi au alinikabidhi mzigo. Huenda naye hajui. Mimi ninachojua ni kwamba niliutazama msumari, na nilifurahi. Sitaficha hilo. Nilifurahi, na sentensi ile ya maneno mawili ikashuka ikarudi ilikotoka.

Niliinua uso wa geji, nikasogeza kile kipande chenye meno kwa bisibisi, unywele mmoja, unywele mwingine, mpaka mama aliposema thelathini na mtoto naye akasema thelathini. Kisha nikachora. Nukta tatu. Zilitoka nzuri kuliko za kwenye vifuniko vyote.

"Mafiga," Mkunga alisema, akichungulia. "Vizuri. Sufuria haianguki hapo."

Tuliwasha gari tukangoja lipate moto. Mshale ulisimama kwenye ishirini na saba. Mkunga alinishika shavu, akaondoka.

Injini ilikufa juu ya mlima wa mwisho, kiasi cha kilomita tisa kabla ya kwa mwanawe. Beringi zilikauka, konrodi, kile chuma kinachoshika pistoni, ikakatika, ikatoboa ubavu wa injini, oili yote ikamwagika barabarani. Mkunga alisimulia kwamba alikuwa akiitazama geji muda wote. Mlio ulipoanza aliitazama, ikasema pazuri, akaendelea.

Fundi wake wa injini alituita. Gari lilikuwa uani kwake limefunguliwa mdomo. Mkunga alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Mwanawe mkubwa alisimama nyuma yake na simu sikioni, akielekeza watu wa magari ya harusi mahali pa kupita.

Fundi wa injini alikuwa na geji mpya. Aliifunga na yetu kwenye pampu moja. Yake ishirini, yetu thelathini. Hakupiga kelele. Alitoa kioo, akachomoa mshale, akainua uso.

"Nukta tatu," alisema. "Fundi Mishale, hii si alama yako."

"Si yangu," Mjomba alisema.

"Ya nani?"

Mjomba alitazama chini. "Ya mtoto huyu. Nilimwamini mapema mno. Kosa langu ni hilo tu."

Alisema kwa huzuni nzuri sana. Mtu asiyejua angemhurumia.

Mkunga hakumtazama. Aliniita kwa kidole, nikaenda nikachuchumaa mbele ya ndoo.

"Ile mara ya kwanza," alisema, sauti yake kubwa imekuwa ndogo. "Iliposema kumi na nane. Ilikuwa sawa?"

"Ilikuwa sawa."

"Nilipokuuliza ni geji, ulijua si geji?"

Ningeweza kusema habari za geji mama ya ukutani, na nani aliyemwangusha. Mjomba alikuwa nyuma yangu, nilimsikia akipumua. Lakini Mkunga hakuniuliza hayo.

"Nilijua," nilisema. Lilitoka kwa sauti ya juu, kila mtu pale uani akageuka. Miaka yote walikuwa wakinisubiri niseme kitu.

Mkunga alitikisa kichwa polepole. "Nimekutana na wanawake wengi wanaonyamaza wakiumwa. Sikuwahi kuwagombeza. Maumivu ni yao, wana haki ya kuyanyamazia." Alijiinua kwa kushika bega langu, kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kushika. "Wewe umenyamazia ya kwangu."

Alimwambia mwanawe amrudishe nyumbani. Hakungoja kuliona gari likivutwa.

Siku hizi liko mbele ya studio ya picha, limetolewa injini, limepakwa rangi nyeupe. Maharusi wanaegemea mlango. Nilipita mara moja nikachungulia kioo cha dereva. Mishale yote iko kwenye sifuri, na kwa mara ya kwanza yote inasema kweli.

Tulirudi karakana siku ile. Kesho yake kulikuwa na geji nyingine mezani, ya presha, ya lori la zamani. Nilimshusha geji mama ukutani nikamweka chini ya meza, nikaenda kuisomesha uani kwa maji. Mjomba aliniona, akarudi kwenye stuli yake. Nilipoleta geji mezani, alivuta droo, akanisogezea msumari.

"Weka alama yako," alisema.

"Sitaweka."

"Basi chora yangu, kama zamani."

"Chora mwenyewe, Mjomba."

Alidhani natania. Alicheka kidogo. Kisha alichukua msumari. Ncha iligonga bati, ikateleza, ikarudi, ikachora kitu kama mguu wa kuku aliyekatwa. Alijaribu kuushika mkono wa kulia kwa wa kushoto. Jasho lilimtoka puani. Alinyanyua macho akanitazama, akasubiri niunyooshe mkono wangu niupokee msumari, kama nilivyofanya miaka yote hiyo.

Nilimtazama pia. Nilifungua kopo la skrubu nikaanza kuzichambua, ndogo kwa ndogo, kubwa kwa kubwa, huku nikiusikia msumari ukikwaruza.